Hewa Iliyotoka Polepole

Thuo aliliona lile blanketi kabla hajamwona aliyelibeba. Alijua kilichomo ndani. Kitale nzima ilikuwa imesikia kwamba Jumatatu, huko Endebess, fahali alimuua Mukhisa, msaidizi wa daktari wa mifugo. Ilikuwa imesikia pia kwamba fahali huyo alikuwa amepigwa sindano ya usingizi kwa bunduki ya hewa, na hakulala. Na bunduki hiyo, wiki saba tu zilizopita, ilikuwa juu ya meza hii hii ya Thuo.

Daktari Viola Nasambu aliweka blanketi mezani, akavuta stuli, akakaa bila kukaribishwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, nataka uipime mbele yangu. Leo siendi mahali."

"Pole sana, Daktari. Nilisikia ya Mukhisa."

"Pima kwanza."

Kwa asiyejua, hii si bunduki ya kuulia mtu. Unaijaza hewa kwa pampu ya mguu mpaka geji isome pale daktari anapotaka, na hewa hiyo ndiyo husukuma sindano yenye dawa hadi kwenye nyama ya mnyama. Hewa ikipungua, sindano hufika imechoka. Inashika ngozi tu, inaning'inia, na dawa inabaki humo humo ndani. Ukiwa mbali unaona yale manyoya mekundu ya sindano kwenye paja la ng'ombe, unasema kazi imekwisha. Ndivyo alivyosema Mukhisa. Akaingia na kamba.

Thuo alikuwa fundi wa vitu vyote vinavyoshika hewa au maji: bomba za kunyunyizia dawa, jeki, vichwa vya mitungi ya gesi. Bunduki aliyowahi kugusa ni hii moja, na ilikuja na barua ya ofisi. Aliringa nayo sana. Kila aliyepita kibandani kwake aliambiwa, "Mimi hata serikali inaniletea kazi."

Na kazi aliijua, tusimwonee. Alijua kwamba tundu dogo halionekani kwa dakika tano. Unajaza hewa asubuhi, unaandika namba ya geji kwa chaki, unaiacha mpaka jioni. Namba ikiwa pale pale, kifaa kimepona. Ikishuka hata kidogo, bado. Mafundi wenzake aliwafokea miaka nenda miaka rudi kuhusu jambo hilo. Lakini wiki saba zilizopita, yeye mwenyewe aliurudisha mpira wa zamani wa kuzibia hewa, akajaza hewa, akapiga sindano moja kwenye gunia la pumba za mbao, ikazama vizuri, basi. Daktari alipokuja kuichukua, akamwambia, "Nimeiacha kutwa nzima. Geji haijasonga hata nywele." Hakuna aliyemlazimisha. Maneno yalitoka tu, matamu, na daktari akashukuru.

Sasa alijaza hewa mpaka kumi. Akachovya brashi kwenye povu la sabuni, akapaka kila kiungo, kwenye kifyatulio, kwenye shingo ya mtungi, kwenye mdomo wa kujazia. Hakuna kilichotoa mapovu. Kwa kitambo akapata tumaini la kipumbavu.

"Tungoje," alisema Viola.

Wakangoja. Nje watu walikuwa wanabishana bei ya mbolea. Baada ya nusu saa geji ilisoma chini ya tisa. Baada ya dakika arobaini ilikuwa inakaribia nane.

"Dakika arobaini ndizo tulingoja ndume atoke kwa majani ya nepia," Viola alisema polepole. "Alikuwa na waya imemwingia kwa pua, ameshaumiza watu wawili. Hewa nilijazia pale kwa gari, kabla ya kungoja. Zile mara mbili za kwanza tulijaza tukapiga papo hapo, ikafanya vizuri. Hii ndiyo mara ya kwanza tulingoja."

Thuo alifungua kitako cha bunduki, akauzamisha mdomo wa kujazia kwenye beseni la maji. Kiputo kimoja kikatoka kando ya valvu. Akahesabu hadi saba. Kikatoka kingine. Daktari aliinama akatazama viputo hivyo kwa muda mrefu sana kuliko ilivyohitajika.

Thuo alitoa hewa yote, akafungua valvu, na mpira mdogo wa duara unaoziba pale ukamwangukia mkononi. Ulikuwa umevimba, laini, upande mmoja umetafunika. Hakuhitaji kufikiri. Wiki saba zilizopita mpira mpya ulikuwa haujafika kutoka Nairobi, na huu wa zamani ulikuwa mkavu. Akachota mafuta ya kukamulia kwa kidole, akaupaka, akaurudisha. Watu wa huku mafuta hayo tunayapaka kila mahali, kwenye chuchu za ng'ombe, kwenye nyayo zilizopasuka, kwenye bawaba za mlango. Ila mpira wa namna hii huyanywa, ukavimba, ukaoza. Thuo alilijua hilo pia. Alijua yote, na hicho ndicho kinachoudhi.

Akaupangusa haraka kwa shati.

"Mpira umeisha, Daktari."

"Ulikuwa mzima ulipofunga?"

"Mzima kabisa."

"Na uliiacha siku nzima ukaona haishuki?"

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni Viola mwenyewe.

"Niliiacha," akasema Thuo.

Viola alifunika uso kwa viganja. "Basi ni mimi. Ningetazama geji kabla sijapiga. Macho tu, sekunde moja. Nilijua imetoka kwako, nikaiamini."

Thuo aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini badala ya kusema ukweli alifungua droo, akatoa mpira mpya. Ulikuwa umefika wiki tatu zilizopita, na hakuwa amempigia daktari simu. Akaupaka mafuta yake halali, akafunga, akajaza hewa mpaka kumi, akaandika kumi kwa chaki. Viola alikaa pale pale, hakula, hakunywa. Saa kumi na moja jioni geji ilikuwa bado kwenye kumi.

"Kumbe ni hivyo tu," Viola alisema. Akauchukua ule mpira mbovu, akautia kwenye chupa ndogo ya sampuli. "Jumamosi tunazika, kwao Naitiri. Wenye ndume wameanza kusema Mukhisa alikuwa mlevi, ati aliingia na busaa kichwani. Sellah ameyasikia, na yeye ndiye anabaki na jina la bwanake. Nataka uje uwaeleze. Mimi peke yangu watasema najitetea."

Angekataa kwa sababu gani? Alisema atakuja.

Siku ya mazishi watu walijaa boma hadi barabarani. Kule mtu haendi kaburini kimya kimya. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, lazima mmoja asimame aeleze kifo kilivyokuja, na anayetaka kuuliza anauliza. Viola alisimama. Hakujitetea hata kidogo.

"Mukhisa hakuwa mlevi. Tulikuwa pamoja tangu asubuhi. Bunduki ilikuwa inapoteza hewa na mimi sikutazama geji. Nikamwambia aingie, akaingia. Aliniamini."

Mngurumo ukapita kwenye mahema. Mwanaume mmoja alisimama akitaka kumwendea, wenzake wakamvuta shati akaketi. Mchungaji akampa Thuo kipaza sauti.

Akaeleza vizuri mno. Alieleza geji, valvu, mpira, viputo kimoja kimoja. Watu walitikisa vichwa, wakasema huyu ni fundi kweli. Lile neno la mlevi likaanza kufa, na Thuo akajiambia kwamba amemsaidia marehemu, na hayo mengine hayana haja. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Kisha Makokha, nduguye Mukhisa, akaomba kuuona huo mpira. Makokha ni fundi wa pikipiki pale Naitiri. Aliutoa kwenye chupa, akaubinya, akaunusa.

"Hii imekula mafuta," alisema. "Haijazeeka. Imeharibiwa."

Akampa mama aliyekaa kando yake. Mama huyo hakumaliza hata kuusogeza puani. "Ni mafuta ya kukamulia haya." Ukapita mkono hadi mkono, safu nzima, kwa watu wanaoamka kila alfajiri kushika chuchu za ng'ombe, na kila mmoja akakubali. Ndani ya kibanda chake Kitale, Thuo aliona kuupangusa kwa shati kunatosha. Hakufikiri kwamba utakuja kunuswa na wakulima mia mbili.

"Nani aliipaka?" Makokha aliuliza.

Sauti ikatoka nyuma, "Si Mukhisa ndiye alikuwa anasafisha hiyo bunduki huko ofisini?"

"Ndiyo, ni yeye," mwingine akaitikia.

"Ai. Kumbe alijimaliza mwenyewe."

Viola alikuwa anatazama chini, na uso wake ulionyesha kwamba wazo hilo limemwingia. Na Thuo, tusimfiche, alifurahi. Pumzi ilimshuka. Mukhisa alikuwa ndani ya sanduku na hangebisha. Thuo hakuhitaji kutoa uongo mwingine wowote, alihitaji tu kurudisha kipaza sauti kwa mchungaji na kuketi. Akanyoosha mkono kukirudisha.

Wakati huo mpira ulikuwa umemfikia Sellah. Mjane aliunusa mara moja, akaunusa tena. Kisha akamgeukia binti yake Joy, akasema kwa sauti ndogo, lakini watu walikuwa kimya na wote wakasikia.

"Mkebe wangu ulikuwa unaisha mbio. Nilimgombeza baba yako juu yake, mwezi uliopita. Nikamuuliza unapeleka wapi mafuta yangu." Akatazama vidole vyake. "Kumbe ni haya yangu."

"Mama, wacha," Joy alisema.

"Ni haya yangu, Joy. Yametoka kwangu."

Thuo akakirudisha kipaza sauti kinywani. Hakupanga. Ukimuuliza leo atakuambia hakuwa shujaa, alikuwa ameshindwa tu kuvumilia kumwona yule mama akiitazama mikono yake vile.

"Si yako, Mama Joy. Ni mafuta yangu. Mimi ndiye nilipaka, na nilijua hayafai. Mukhisa hakugusa huko ndani. Na nilimwambia daktari nimeipima kutwa nzima. Sikuipima. Ningeipima ningeiona. Juzi amenipa nafasi niseme, nikamdanganya tena. Yeye hana makosa, wala marehemu."

Alingoja wamrukie. Makokha alisimama, kweli, na vijana wawili nyuma yake. Viola alikuwa amemkodolea macho kama mtu asiyemfahamu. Lakini Sellah aliinua mkono, na Makokha akabaki amesimama pale alipo.

Sellah alitoka chini ya hema akaja mpaka mbele ya Thuo. Alikuwa mfupi, ikabidi ainue uso. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza kama anayetaka kuelewa kitu, na afadhali angemtukana.

"Hiyo ya kungoja mpaka jioni. Ni kazi ngumu?"

"Hapana, mama. Ni kuiacha tu mezani."

"Basi siku hiyo ulikuwa unaharakisha kwenda wapi?"

Thuo alitafuta. Haki alitafuta, kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu maishani. Mgonjwa hospitalini. Matanga. Mtoto wa shule. Mvua hata. Angepata lolote kati ya hayo angempa yule mama, na yeye mwenyewe angepata pa kuegemea. Hakukuwa na lolote. Ilikuwa siku ya kawaida, kukavu, na alikuwa amechoka kukaa kibandani.

"Hakuna mahali," alisema. "Nilifunga nikaenda nyumbani."

"Ukafanya nini?"

"Nikakunywa chai."

Sellah alitikisa kichwa polepole. Akamwekea ule mpira kwenye kiganja, akamfunga vidole juu yake kimoja baada ya kingine, akarudi kuketi kando ya binti yake, na akamwomba mchungaji aendelee.