Kumsitiri Mgeni

"Umeuona?" mgeni aliuliza kutoka kwenye nyasi fupi, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukikinga jua.

"Bado naangalia, bosi," mwanamke akajibu, begi la fimbo likimning'inia begani. Alikuwa ameinama vichakani, na mpira ulikuwa mbele ya kiatu chake, umejibana katikati ya mizizi mahali ambapo hata shoka lingepata taabu kuufikia, sembuse fimbo ya gofu. Akatupa jicho nyuma. Mgeni alikuwa anajifuta jasho. Mguu wa kushoto wa mwanamke ukafanya kazi yake taratibu, goti halikutikisika, na mpira ukabingirika hadi penye nyasi safi. "Huu hapa! Una bahati wewe, bosi. Umekaa kitako kabisa."

"Nilijua tu!" mgeni akasema, akaja mbio huku tumbo likitangulia.

Makedi wa kisiwa kile, wabeba fimbo za wachezaji, waliita jambo hilo kumsitiri mgeni. Hakuna aliyelifundisha darasani, na msimamizi alijifanya halijui. Mgeni amevuka bahari, amelala kwenye shuka ambazo kedi hatazigusa ila akiolewa na mfuaji wa hoteli. Hakuja hapa kudhalilishwa na mizizi. Basi unamsitiri mara moja, mara mbili, apate cha kusimulia mezani jioni. Lakini jambo lenyewe lina kiasi chake kama chumvi. Mgeni akisitiriwa kupita kiasi huanza kujiamini, na mgeni anayejiamini ni mzito kuliko begi lake. Mwanamke huyu alikuwa akiwaonya wapya kila msimu kuhusu hilo. Leo alikuwa na haraka.

Boti ya wafanyakazi huondoka gatini saa kumi jioni, na baada ya hapo hakuna nyingine mpaka kesho. Upande wa pili wa maji, jua likizama, binti yake angepanda basi la kwenda uwanja wa ndege, na kutoka hapo nchi ya mbali, kufanya kazi za ndani katika nyumba ya watu asiowajua. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na pasipoti angeishika tajiri. Mama mtu aliposikia habari hizo mara ya kwanza alifoka kwenye simu mpaka mate yakamruka. "Ukienda huko, usiniite mama tena!" alisema. Hakumaanisha. Alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote ilitokea mdomoni ikiwa imevaa hasira. Tangu siku hiyo binti hakupokea simu yake.

"Dada, njoo mwenyewe," mdogo wake, aliyeishi na binti huyo, alimwambia jana. "Akuone kwa macho. Ujumbe hausomi. Mchana anajifanya jasiri, lakini nimemkuta amevaa lile sweta lako la zamani, na joto lote hili."

"Amesema nini?"

"Amesema anapima kama litaingia kwenye begi. Njoo, dada. Asiondoke na neno lile moyoni."

Ndiyo maana alikwenda kumpigia magoti msimamizi, naye akamkubalia. Raundi moja tu ya asubuhi, kisha uko huru, panda boti. Kwa bahati mbaya alipangiwa huyu, ambaye makedi walimwita Mzee wa Mchanga kwa kuwa mipira yake ilipenda mchanga kuliko kasa. Kwa mwendo wake wa kawaida, wa kutafuta kila mpira na kuulaumu upepo, wangemaliza jua likiwa limekwisha kuchoka. Basi akamsitiri shimo la kwanza. Akamsitiri la pili. Penye mizizi alisogeza, penye mchanga aliinua kwa ncha ya kiatu, na mpira uliokwenda majini aliupata, ajabu, ukingoni, mkavu kabisa. Walikwenda mbio. Kufikia mchana wakawa wamemaliza, na moyo wake ukatua.

Mgeni alitazama kadi yake ya alama, akaitazama tena, kisha akamkumbatia, begi na vyote.

"Miaka yote hii nacheza!" alisema, na macho yake yalilowa kweli. "Sijawahi, mama. Sijawahi hata kukaribia."

"Hongera, bosi. Umejitahidi."

"Turudi."

"Wapi, bosi?"

"Mwanzo! Mkono ukiwa moto haulazwi. Na wewe huyohuyo."

Mwanamke alimkimbilia msimamizi kwenye kibanda cha makedi. "Ulinipa ruhusa," alimwambia kwa sauti ya chini, maana wageni walikuwa karibu.

"Nilikupa ya kuondoka ukimaliza na mgeni." Msimamizi hakuinua uso kutoka kwenye sahani yake. "Mgeni hajamaliza."

"Binti yangu anasafiri leo. Unajua."

"Najua, mama. Lakini mgeni yule alipokewa gatini na mkurugenzi wa hoteli mwenyewe. Amesema anakutaka wewe. Nimwambie nini, kwamba kedi amemkataa?" Akafuta mdomo. "Na uwanjani hatumwachi mgeni peke yake. Unakumbuka yaliyompata mwenzenu."

Alikumbuka. Mwenzao alimwacha mgeni uwanjani ili akamwone daktari wa jino, na aliporudi alikuta nguo zake langoni ndani ya mfuko wa plastiki.

Kedi mmoja, mwanamume mcheshi aliyemwita kila mtu shemeji na yeye akaitwa Shemeji, alikuwa ameegemea ukuta anasikia yote. "Umemvika kilemba cha ukoka," alisema, "sasa hataki kukivua."

"Nichukulie, nakuomba."

"Nimejitolea, shemeji. Amekataa. Anasema mkono wako una bahati."

"Si mkono," alisema kwa uchungu, na Shemeji aliyetaka kucheka akaishia kumtazama kwa huruma.

Raundi ya pili ilianza jua likiwa utosini. Alikuwa na mpango wake, na ulikuwa rahisi: asimsitiri tena. Mtu akipigwa na mizizi mara tatu nne atachoka, atarudi penye kiyoyozi kunywa kinywaji chake. Akauacha mpira ulipoangukia. Mzee wa Mchanga akarudi kuwa Mzee wa Mchanga. Alichimba, akafukia, akachimba tena. Alipiga mti, mpira ukamrudia, nusura umpate mwenyewe. Mwanamke alisimama kando na kusubiri neno "basi".

Neno halikuja. Kila mpira ulivyozidi kuharibika ndivyo taya la mgeni lilivyozidi kukaza.

"Uko humu ndani," alisema, akijigonga kifua. "Mchezo wa asubuhi. Wewe si uliuona? Hatutoki hapa mpaka niupate."

Hapo ndipo mwanamke alipoona vizuri shimo alilojichimbia. Akimsitiri, mgeni angetaka zaidi, na asipomsitiri angetaka kilichopotea. Kwa mguu wake mwenyewe alikuwa amejifungia mlango, na ufunguo hakujua alikoutupa. Alitamani kupiga kelele katikati ya nyasi zile zilizokatwa vizuri kama kichwa cha mwanafunzi.

Walipanda kilimani. Kutoka pale gati lote lilionekana, na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakijikusanya na vikapu vyao.

"Bosi," alisema, "nakuomba ruhusa. Binti yangu anaondoka leo. Anakwenda mbali."

"Hongera!" Mgeni alifurahi kwa dhati. "Watoto wakikua ni raha. Kunywa maji kwanza, mama, jua kali." Akampa chupa yake mwenyewe. "Tumalize hili shimo tu, uende."

Wakalimaliza. Kisha ikawa "hili tu" lingine. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza mwanamke zaidi. Angekuwa mbaya angemchukia, na chuki ingempa nguvu.

Boti ilipiga honi ya kwanza, ya kuita watu. Mwanamke akalishusha begi.

"Mimi ndiye niliyekuwa nausogeza," alisema.

"Nini?"

"Mpira. Asubuhi. Kila ulipopotea niliutoa kwa mguu nikauweka pazuri. Hata ule wa majini, niliutoa mfukoni. Nilitaka umalize haraka niwahi boti. Hukucheza vile, bosi. Nisamehe. Ni mimi."

Alikuwa amesema. Siri ya makedi wote, na kazi yake, vyote alikuwa amevimwaga pale kwenye nyasi. Alingoja afokewe, afukuzwe, aondoke.

Mgeni alicheka. Alicheka sana, akapangusa macho. "Wewe mama una utani! Unataka kunipunguzia presha." Kicheko kikapungua, kikabaki midomoni tu. Alitazama fimbo aliyoishika, akatazama njia ndefu ya nyasi waliyopitia asubuhi, na uso wake ukawa wa mtu mzima aliyechoka. "Usiseme hivyo tena," alisema polepole. "Tafadhali. Ile asubuhi niachie."

Mwanamke alimwonea huruma, na huruma hiyo nayo ilikuwa kamba nyingine miguuni. Mgeni akaupanga mpira, akatanua miguu, akainamisha kichwa.

"Simama pale nyuma yangu," alisema, "kama asubuhi. Angalia unapoangukia."

Honi ya pili ikalia.

Mwanamke akalisimamisha begi juu ya miguu yake ya chuma, akahakikisha haliyumbi. Akavua kizibao cha makedi, akakikunja, akakiweka juu ya fimbo. Alianza kwa kutembea, maana mfanyakazi hakimbii mbele ya wageni, na miguu yake ilikuwa imezoea sheria hiyo kwa miaka. Alipofika kwenye mteremko ikasahau. Alikimbia katikati ya nyasi zilizolimwa kwa ajili ya wengine, viatu vikiteleza, kifua kikiwaka, jina la binti yake likigonga ndani ya mdomo uliofungwa.

Nyuma yake ikasikika sauti ya fimbo na mpira vikikutana. Alikuwa amesikia mapigo mengi maishani, akajua bila kugeuka kwamba hili lilikuwa safi, kavu, la mpira unaopaa moja kwa moja na kwenda mbali.

"Umeuona?" mgeni alikuwa anapaza sauti kule juu, kama mtoto. "Mama! Huu umeuona?"

Hakugeuka. Chini gatini, nahodha alikuwa amekwisha kufungua kamba ya mbele na kuitupa ndani, na sasa alikuwa ameinama kwenye ya nyuma, anahangaika na fundo.