Gauni la Raya Halikauki

Jumatatu asubuhi Paskazia aliona tone moja la maji ndani ya kabati la kioo, chini ya pindo la gauni. Akatazama dari. Nansio ilikuwa haijapata mvua kwa wiki tatu. Akafungua kabati, akafuta tone kwa kitambaa, akaendelea kupangusa viatu.

Jumanne yalikuwa maji ya kujaza kikombe. Jumatano alikuta dagaa wawili wakirukaruka humo ndani. Akamweleza mzee Yunus, mwenye makumbusho, kwa ile sauti yake ndogo ambayo kila mara ilibidi aombwe kurudia. Aliporudia, mzee akasema aweke beseni.

Makumbusho yalikuwa duka la zamani la vitambaa, karibu na gati. Baba yake Raya ndiye aliyeuza humo kabla binti yake hajawa nyota wa filamu. Sasa kulikuwa na viatu vyake, miwani yake, kioo alichojipodolea na mabango yaliyofifia. Lakini watu walipanda meli kutoka Mwanza kwa ajili ya gauni jeupe. Kibao chake kiliandikwa: GAUNI ALILOVAA RAYA AKIOGELEA ZIWANI. Mzee Yunus, mtoto wa kaka yake Raya, alikiandika kwa mkono wake.

Wiki ya pili gauni lilikuwa likijaza ndoo kabla ya adhuhuri. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu, kwa hiyo majirani wakapanga ndoo zao mlangoni. Winnie, mama lishe wa gatini, alitumia maji hayo kupikia wali. Alilalamika tu kwamba wali unanukia dagaa, na wateja wanadhani wamepunjwa kitoweo.

Nyumbani, Getruda, bibi yake Paskazia, aliuliza kila jioni, "Umemwambia?"

"Kesho, bibi."

Jambo la kumwambia mzee Yunus lilikuwa fupi. Raya hakujua kuogelea. Aliyeingia ziwani ni Sabina, dada yake Getruda, msichana wa miaka kumi na tisa aliyefanana na Raya kwa nyuma. Gauni lilifungwa mgongoni kwa vifungo ishirini na viwili, na aliyevifunga ni Getruda, wakati huo ana miaka kumi na miwili. Mara ya kwanza Sabina aliogelea vizuri. Mwenye kamera akaomba arudie, na safari hiyo hakutoka majini. Siku ya tatu gauni lilirudi ufukweni peke yake, vifungo vyote vimefungwa, Sabina hayumo. Watu wa filamu wakalianika juani, kisha Raya akalivaa, akapigwa picha amesimama mchangani.

Familia iliomba gauni ili walizike. Wakaambiwa ni mali ya filamu. Wakazika kigogo cha mgomba, kama ilivyo kwa mtu asiyepatikana. Kigogo kikachipua. Ndizi zake hawazili. Getruda alitaka, kabla naye hajalazwa pale, gauni lizikwe mahali pa kigogo. Ndiyo maana alimtafutia mjukuu wake kazi ya kudeki makumbusho, ingawa Paskazia, aliyeachia shule darasa la tano, alikuwa hajawahi kumwomba jirani hata chumvi.

Alhamisi waliingia wageni sita kutoka Mirongo, mjini Mwanza. Mmoja akauliza kama kweli Raya aliogelea mwenyewe.

"Kama sangara," akajibu mzee Yunus.

Paskazia alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. Hakuinua uso.

"Aliyeogelea ni Sabina, dada yake bibi yangu," alisema. "Tunaomba gauni tukamzike."

Safari hii mzee hakumwomba arudie. Aliwaelekeza wageni kwenye mabango, akaja kuchuchumaa karibu naye.

"Najua, binti yangu. Shangazi aliniambia kabla hajafa. Alilia sana. Lakini nani atapanda meli kuja kumwona Sabina?"

Alisema kwa upole. Alichukua kitambaa, akamsaidia kufuta sakafu. Kisha akamwambia beseni limejaa.

Paskazia akajitwika beseni. Wenye ndoo wakampisha, wakidhani anawaletea. Akawapita. Alitembea hadi nyumbani, akamimina maji yote kwenye shina la mgomba, na ardhi ikayanywa. Tangu siku hiyo beseni la jioni huenda kwa Sabina, na mzee Yunus hajakataza. Kibao kiko vilevile.

Jioni ya Alhamisi ile Getruda alitoka nje akiegemea ukuta.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Bibi akalitazama beseni tupu. Hakuuliza jibu.

"Vifungo vipo vyote?"

"Vyote, bibi. Ishirini na viwili."

Getruda akaficha mikono ndani ya kanga, kama alivyofanya kila mara jina la dada yake lilipotajwa. Paskazia alikuwa akiiona mikono ile ikifichwa tangu utotoni. Sasa aliishika, akaitoa nje.

"Bibi," alisema, "si wewe uliyemzamisha."