Hadubini ya Wageni

Kila alasiri, fundi wa maabara akiwa anasuuza vioo vyake kwenye sinki lenye bomba linalovuja, marehemu aliingia, akafuta miguu mlangoni, akaketi kwenye benchi la mbao na kuuliza kama majibu yametoka.

"Bado, mama," fundi alisema.

"Bado ya jana au bado mpya?"

"Ile ile."

Marehemu alikufa kabla mvua hazijakatika, siku ileile aliyokula uyoga uliochumwa bondeni na kupikwa na mdogo wake. Ukoo ukajumlisha haraka haraka: aliyepika ndiye aliyeua. Tangu hapo hakuna aliyegusa chakula cha yule mdogo mtu. Sahani alizopeleka kwa ndugu zilirudi zimejaa, zimefunikwa vizuri, na shukrani juu. Marehemu alikwenda mwenyewe nyumbani kumtetea. Wakampa kiti, wakamsikiliza hadi mwisho, kisha wakasema damu ni nzito kuliko maji, dada mtu lazima atamtetea mdogo wake. Kama mdogo hana hatia, walete karatasi ya maabara yenye muhuri.

Uyoga uliobaki kapuni ulipelekwa maabara. Fundi aliulaza juu ya kioo mpaka ukamwaga unga wake wa waridi, ambao ndio mbegu zake, zile ziitwazo spora. Akazichanganya na maji yaliyochemshwa, akazivuta ndani ya bomba la sindano, akabandika jina la marehemu. Ikabaki kutazama tu. Uyoga ule unaoliwa una mwenzake wa sumu, wanafanana kama pacha, na unga wao wote ni wa waridi. Chini ya hadubini ndipo wanapoumbuka: mbegu za mmoja ni laini kama mayai, za mwingine zina pembe.

Hadubini zilikuwa mbili. Ya mezani lenzi yake ilikuwa imeota ukungu. Humo hata tembo angeonekana wingu. Nzuri ilikaa ofisini kwa Mkuu wa maabara, imefungiwa, imevikwa kitambaa alichodarizi mke wake, ikingoja wageni. Mkuu alikuwa akisema vitu vizuri havichezewi, na ufunguo alitembea nao mfukoni, kikao hadi kikao.

"Mimi kufa nimekufa," marehemu alisema siku hiyo, "lakini kusubiri huku ndiko kutakakoniua."

Akainuka, akaupita ukuta wa ofisi ya Mkuu kama mtu anayepita kwenye pazia. Fundi alisikia kitambaa kikivuliwa. Marehemu akajaribu kutoka na hadubini. Yeye akapita, hadubini ikagonga ukuta.

"Irudishe humo ndani, juu ya meza ya Mkuu, mama," fundi alisema. Akalitikisa bomba la sindano, maana mbegu hutuama chini kama machicha, akadondosha tone kwenye kioo, akalifunika, akakisukuma kioo chini ya mlango. Maelekezo yakapitia tundu la ufunguo.

Kioo cha kwanza kilivunjika.

"Nilisema zungusha gurudumu dogo."

"Ulisema gurudumu. Dogo umelitia sasa hivi."

Kubishana na marehemu ni kujichosha, yeye muda anao. Fundi alitengeneza kingine.

"Nimeziona," marehemu alisema hatimaye. "Nyingi. Kama mayai."

"Hazina pembe?"

"Mwanangu, yai la pembe uliliona wapi?"

Basi uyoga haukuwa na kosa, na mdogo mtu vilevile. Fundi aliuliza kwa upole, sasa mama ulikufa na nini. Marehemu akafikiri. Akakumbuka kifua kilivyombana wiki ile ya kufa kwake, na alivyokwenda hospitali. Mashine ya kupima moyo ilikuwepo, aliiona kwa macho yake, safi, imefunikwa shuka. Mwenye ufunguo alikuwa kikaoni. Wakamwambia arudi kesho.

Mkuu aliporudi alimkuta marehemu kwenye kiti chake. Akamsalimia, akampa pole kwa msiba. Kisha akaona mikunjo kwenye kitambaa. Majibu ya namna hiyo, alieleza, hayapigwi muhuri: mtazamaji si mwajiriwa, na hadubini yenyewe haijazinduliwa. Fundi akaomba basi atazame yeye, sasa hivi, mlango si uko wazi. Mkuu akasema wageni wako njiani. Labda kesho. Akaagiza na kufuli la pili.

Wageni walifika. Kitambaa kikainuliwa, nao wakasifu utunzaji: kama imetoka dukani leo.

Nje, kwenye benchi, mdogo mtu alikuwa amekuja na bakuli lililofunikwa. Ulikuwa uyoga, wa bonde lile lile. Marehemu alisogea kumpa nafasi, akachukua kijiko, akala taratibu huku wageni wakipiga makofi ndani.

"Leo chumvi umezidisha," alisema, akaendelea kula.