Mama Mkwe Alipolinda Bwawa

Kule kiwandani walimwita Kufuli, kwa sababu katika miaka yote aliyotunza stoo ya sabuni hakuna mche uliotoka bila yeye kuuona. Alipostaafu, kiinua mgongo chake alikijengea bwawa la saruji nyuma ya nyumba, akatia vifaranga vya perege. Kazi ya kuwalisha akampa mume wa binti yake, fundi friji aliyekuwa amefunga karakana. Mkwe huyo alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Kufuli hakuwa na imani sana na wapole. Wezi wa stoo aliowahi kuwakamata karibu wote walikuwa wapole.

Hesabu ya ufugaji aliijua: chakula ndicho kinachomeza faida, na kila kinachoingia majini lazima kionekane kwenye mwili wa samaki. Magunia yalipoanza kuisha mapema, mkwe alieleza kwamba samaki wamekua na sasa wanakula zaidi. Lilikuwa jibu zuri. Kufuli akaitikia kwa kichwa, kisha akaanza kulinda.

Kila saa ya kulisha alitoa kiti mpaka ukingoni mwa bwawa, akafungua mwavuli wake mweusi, akakaa. Mkwe alichota pumba iliyochanganywa na dagaa wa kusaga, akaimwaga kikombe kwa kikombe, ikazama kwenye maji ya kijani yasiyoonyesha chini. Kufuli alishuhudia vyote.

Walipovua wachache na kuwapima, uzito ulikuwa uleule wa kabla hajaanza kulinda.

Chakula anakiona kikiingia, mbona mwili hauonekani? Labda guniani mna pumba tupu. Akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, dagaa walikuwemo. Basi labda wakubwa wanavuliwa na kuuzwa kwa mlango wa nyuma. Maji nayo yalianza kunuka, mkwe akawa anayabadilisha kila mara, bili ikapanda. Kufuli akajiuliza mtu anayemwaga maji hovyo hivyo anaficha nini.

Alimwita binti yake jikoni akamweleza kwa sauti ya chini kwamba upimaji ujao ndio wa mwisho. Samaki wasipoongezeka, bwawa litafukiwa na mumewe atafute riziki kwingine. Binti aliuliza kama ana ushahidi. Hakuwa nao, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Jioni moja, kulisha kukiendelea, alikumbuka sufuria aliyoiacha motoni, akaingia ndani. Kupitia dirisha la jikoni akaona maji yanatokota kwa samaki, migongo inapandana, mikia inapiga. Hajawahi kuona kitu kama hicho. Anawapa nini nikiwa sipo? Akatoka mbio mbio, mwavuli mkononi. Kivuli chake kilipogusa maji tu, bwawa likatulia kimya.

Alirudi nyuma, akangoja. Samaki wakapanda. Akasogea. Wakazama. Alifanya hivyo tena na tena, mkwe amesimama na kikombe, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama. Wakiona kivuli chako wanadhani ni ndege mla samaki."

"Na kile chakula ulichokuwa unamwaga mbele yangu?"

"Kinaozea chini. Ndiyo hiyo harufu."

"Sasa mdomo huna?"

"Ningeanzia wapi, mama? Nimfukuze mama mkwe kwenye bwawa lake, na huku ananiona mwizi?"

Kufuli alitaka kucheka, akajizuia. Hilo nalo lilikuwa jibu zuri.

Toka siku hiyo alikaa jikoni saa ya kulisha. Kutoka dirishani aliwaona samaki. Gunia na mkono unaochota vilifichwa na ukuta.

"Anawapa chote?" alimuuliza binti yake.

"Si uende ukaangalie."

"Nikienda hawali."

Binti akaendelea kumenya vitunguu, akitabasamu waziwazi.

Siku ya kupima, samaki walikuwa wamenona hata kwa macho. Kufuli akataka wapimwe upya kwa mizani ya jirani muuza nyama. Nayo ikasema vilevile. Akamwambia mkwe bwawa halifukiwi, aendelee na kazi. Kisha akaongeza, bila kumtazama usoni, kwamba gunia jipya likija atalifungua yeye mwenyewe.