Ukingo Usiouzwa

Baba alipofariki, kaka yangu alirithi mashamba ya juu, yale yenye udongo mweusi, nami nikaachiwa ardhi ya chini: matope, matete na ukingo mrefu wa maji. Shangazi alinipa pole mara mbili, moja ya msiba, nyingine ya urithi. Kaka akanitania mbele ya watu, "Dada yangu hatalia njaa. Ana vyura wa kutosha."

Nilicheka nao. Ningefanyaje?

Mtu wa kwanza kuniomba kiwanja alikuwa fundi wa mashua, mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Alifuatana na mkewe, mkunga, ambaye nilitambua upesi kwamba ndiye msemaji wa mwisho.

"Mama, hapa tutaishi na nani?" mkunga aliuliza, akiyatazama matete.

"Na mimi."

"Nyumba yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa ningali naishi kwa kaka, kule juu. Swali lile lilinichoma. Muda si muda nikahamia kwenye banda la mabati kando ya maji, nao wakajenga ubavuni mwangu. Mji ulianza hivyo tu: nyundo ya fundi asubuhi, na mkunga akigonga ukuta wangu kuomba chumvi.

Wakaja wengine. Mshona nguo, mjane mwenye mashine ya kusaga, mwoka mikate. Huyu wa mwisho alijenga tanuri katikati ya mahali nilipokwisha kupigilia vigingi vya barabara. Nilikwenda kumfokea, akanipa mkate wa moto. Mpaka leo magari hupinda pale.

Kisha kaka akamleta tajiri mmoja. Alitaka ukingo wote, auzungushie ukuta, ajenge nyumba ya wageni. Bei aliyotaja ingemtoa nyoka pangoni.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," kaka aliniambia. "Tia sahihi upumzike."

Huenda ningetia. Lakini siku ile fundi alikuwa anashusha majini mashua yake kubwa kuliko zote, na watu wote waliacha kazi wakaja kuvuta: mshona nguo na futi yake shingoni, mwoka mikate na unga mpaka kwenye nyusi. Mashua ikakwama juu ya magogo. Kaka, ambaye tangu utotoni hawezi kuona kazi ikifanywa ovyo bila kuingilia, alipiga kelele, "Mnavuta au mnaikuna mgongo?" Akavua viatu, akashika kamba. Ilipoingia majini alikuwa ametapakaa matope hadi magotini, anacheka.

Nikamwuliza, "Kaka, ukuta ukijengwa, hii itapita wapi?"

Kicheko kikamkauka. "Hayo si maswali ya biashara."

Nilimwambia tajiri kwamba ukingo hauuzwi. Kaka alivaa viatu vyake juu ya matope, akaondoka. "Umeitupa riziki yako majini," alisema, na kwa miaka hakukanyaga kwangu. Kuna wakati nilimwona ana haki. Mvua zilipolizoa gati tulilojijengea la kufungia mashua, tulibeba mawe kwa vichwa kulijenga upya, nami nikaulaani ukaidi wangu kila nilipoinama.

Uzee ndio uliomteremsha. Wanawe walitawanyika, miguu ikamchoka, akaja akiwa na sanduku moja. Hakuomba radhi, wala sikumdai. Nilimpa chumba kinachotazama barabara. Hulalamika tangu kukicha: nyundo, watoto, harufu ya samaki. "Huu mji wenu hauna adabu," husema.

Juzi mgeni alisimama dirishani kwake akamwuliza ni nani aliyeuanzisha mji huu. Nilikuwa jikoni, nikasikia.

"Sisi," kaka alijibu, bila kusita. "Mimi na mdogo wangu. Palikuwa matope matupu hapa, bwana!"

Nilifika hadi mlangoni, kisu mkononi, niende kumsahihisha. Nilimkuta anamwonyesha mgeni kwa mikono jinsi kamba inavyoshikwa. Nikarudi kukata vitunguu.