Hatua ya Ishirini

Hospitali ile ilikuwa na mwinuko mmoja tu, uliopanda kutoka wodi za chini hadi chumba cha upasuaji: hatua arobaini na mbili kwa mtu anayesukuma kitanda cha magurudumu. Aliyezihesabu ni msukuma wagonjwa waliyemwita Breki. Jina alilipata kwa sababu kila akifika hatua ya ishirini, penye dirisha, alikanyaga breki na kusimama.

"Namwacha mgonjwa apate hewa," alikuwa akisema. Hakuna aliyeuliza kwa nini hewa hiyo aliivuta yeye, tena mdomo wazi.

Aliyekuja kuuliza ni bibi mmoja, mkunga mstaafu, aliyekuwa akipelekwa kutolewa mawe ya nyongo. Alikuwa amelala chali, akitazama kidevu cha Breki kikipanda na kushuka.

"Baba, kati yetu wawili mgonjwa ni nani?"

"Ni wewe, bibi. Mimi nimevaa sare."

"Sare haiponyeshi mtu. Lete mkono." Akamshika mapigo. "Ukipanda, kifua kinabana?"

"Kidogo."

"Na kizunguzungu?"

"Kidogo tu, bibi."

"Usiponiahidi kwamba leo hii unamwona daktari wa moyo, nashuka hapa hapa na hili gauni lao lililo wazi mgongoni. Aibu itakuwa yako."

Breki akaahidi, na akaenda. Daktari alimsikiliza kifua, kisha akampima kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kwenye skrini Breki aliuona mlango wa moyo wake mwenyewe, ule unaotoa damu kwenda mwilini. Ulikuwa umekakamaa. Badala ya kufunguka wote, uliachia upenyo mwembamba kama ufa wa dirisha.

"Dawa haitaulainisha," daktari akasema. "Inabidi tufungue kifua, tuutoe, tuweke wa kutengenezwa."

"Na tukiuacha?"

"Siku moja utasimama pale dirishani usiondoke."

Kabla tarehe haijapangwa, msimamizi wa wasukumaji alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vitanda vinne, watu watatu, na barua ya uhamisho iliyokwisha andikwa.

"Mzee, kupasuliwa moyo si kung'oa jino. Utahamia getini. Kuna kiti, kuna kivuli."

"Getini nitasukuma nini?"

"Utafungua geti."

"Lile geti? Hata upepo unalifungua."

"Mtu aliyepasuliwa moyo haupandi ule mwinuko, mzee wangu. Tuseme ukweli."

Breki akairudisha barua mezani bila kuitia sahihi. "Itunze. Nikirudi nikashindwa kupanda, nitasaini. Nikipanda, utaichana wewe mwenyewe."

Nyumbani, mkewe alilia kwanza, halafu akaleta maneno ya dada zake: fulani alipasuliwa, hakurudi.

"Mke wangu, nimewasukuma watu miaka kumi na tisa. Wasiorudi nawakumbuka mmoja mmoja. Waliorudi ni wengi hata nimewasahau."

"Na wewe ukiwa kwenye hao wa kukumbukwa?"

"Basi niwe nimekwenda kwa kutaka, si kwa kuanguka."

Siku ilipofika, mwenzake ndiye aliyemsukuma. Walipokaribia dirisha, kijana wa watu akapunguza mwendo kwa heshima.

"Pita!" Breki akafoka kutoka kwenye mto. "Leo hapa hasimami mtu."

Alizinduka ana bomba kooni na mfupa wa kifua umeshonwa kwa waya. Siku ya tatu alitembea hadi mlangoni mwa wodi, amekumbatia mto ili akikohoa asiumie. Akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, vya kumeza kila siku maisha yake yote. Mlango mpya ulikuwa ukilia tik, tik, na mkewe akawaambia dada zake kwamba sasa ameolewa na saa ya ukutani.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, daktari alimruhusu kurudi kusukuma. Breki akakipeleka kitanda hadi mlangoni mwa ofisi ya msimamizi.

"Panda."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Kitambi chako kinatosha kwa mtihani."

Wenzake wakacheka. Msimamizi akatazama huku na huku, akavua viatu, akalala. Breki akasukuma, wenzake wakimfuata nyuma, akihesabu moyoni. Kumi. Kumi na tano. Kwenye hatua ya ishirini, penye dirisha, akakanyaga breki.

"Si nilikwambia, mzee," msimamizi akasema kwa upole, akitaka kuinuka.

"Lala. Sikiliza."

Wakanyamaza wote. Hakuna aliyehema. Juu ya kichwa cha msimamizi ilisikika tik, tik, tik, taratibu, bila haraka yoyote.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mimi." Breki akaachia breki. "Barua unayo?"

"Ipo mfukoni."

"Anza kuichana. Zimebaki hatua ishirini na mbili, na nikifika juu sitaki kukungoja."