Chifu na Mkwaju wa Mama Mkwe

Sisi Wakamba tuna heshima yetu iitwayo nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawazungumzi ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mimi nimeingia vichaka vingi. Basi asubuhi ile mama mkwe alipofika kwetu, huku nje ya Thika ninakouza miche, na mke wangu Ndunge yuko sokoni Githurai, nilijificha nyuma ya turubai linalokinga miche na jua.

Mbwa wetu, Chifu, alikuwa amelala katikati yetu.

"Chifu," mama akamwambia, "ambia mwenye boma ile mkwaju ya Mwingi imeangushwa na upepo."

Iliniuma. Mkwaju huo wa nyumbani kwake aliupanda marehemu mumewe mwaka waliooana, na hata uji wa harusi yetu ulitiwa ukwaju wake.

"Chifu, ambia mama pole sana. Na umuulize kama alikata vijiti vya kupandikiza."

"Mwambie nilikata jana. Na aache maswali, zinakauka."

Alisema kweli. Kijiti kikikauka kabla ya kuunganishwa na mche, hicho ni kuni. Ndunge angerudi jioni, na mikono ya mama siku hizi inatetemeka, haiwezi kisu. Nilikuwa na miche ya mkwaju niliyoiotesha kwa mbegu. Mama akasukuma vijiti vitano chini ya turubai. Nikakata kichwa cha mche, nikaupasua, nikachonga kijiti, nikakipachika gome kwa gome na kufunga kwa utepe. Mama alichungulia chini ya turubai, anaona mikono yangu tu.

"Chifu, mwambie hiyo amechonga ni mwiko wa ugali."

"Chifu, ambia mama hii kazi nimeifanya tangu nioe."

"Mwambie hata kuoa aliharakisha."

Chifu alipiga mwayo.

Vijiti hivyo vitano vilikuwa vimeanza kunyauka. Nilipovimaliza, mama akafungua leso yenye unyevu na kunisukumia cha sita, kibichi, vichipukizi vyake vimevimba. Kumbe muda wote alikuwa ananipima. Lakini kilikuwa kimepinda, na kila nilipojaribu kukifunga kiliteleza. Hapo ndipo harufu ya githeri ilipotoka kwa jirani yetu Gachau, na Chifu akaenda zake.

Hakuna wa kutumwa, na kijiti kinazidi kukauka mkononi mwangu. Niliogopa, sifichi.

"Nzioki," mama akasema. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kumsikia akinitaja jina. "Shika chini, mimi nishike juu."

Mkono wake ukapita chini ya turubai, ukatetemeka, kisha ukaegemea wangu na kutulia. Nikafunga.

Jioni Ndunge alikagua kazi, akasimama kwenye mche wa mwisho.

"Hii imefungwa na watu wawili. Nani alikusaidia?"

"Chifu," tukajibu pamoja, kila mtu upande wake wa turubai.

Vile vitano vilikauka. Cha sita kimetoa majani. Siku hizi mama hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani, nami nikipokea hanisalimu.

"Nipe Chifu," husema, nami humwekea mbwa simu sikioni. "Chifu, ambia mtoto wangu asiumwagie mche maji mengi."